Ungemkabidhi Funguo?

Jemadari alipata alama thelathini na mbili kati ya mia, na nusu ya waliompa alama hizo walikuwa watu wanaompenda kama ndugu yao wa tumbo moja.

Katibu alizijumlisha tena. Alikuwa ameketi kwenye kona ya ukumbi wa kushonea, katikati ya cherehani mbili zilizofunikwa, karatasi ishirini za majaribio zikiwa mapajani. Kumi zilitoka kwa wapanga ngozi, kumi kwa washonaji. Kila mmoja alitakiwa kuwapa alama wagombea wote watatu, kuanzia moja hadi tano, na juu ya kila karatasi Katibu mwenyewe aliandika kwa herufi kubwa: TANO NDIYO BORA. Bibi Uzi, msimamizi wa washonaji, alikuwa na themanini na tisa. Mzee wa Soli, ambaye hugombea kila uchaguzi na kila uchaguzi hupata kura nne, alikuwa na hamsini na moja. Jemadari, mkuu wa wapanga ngozi, mtu anayeshangiliwa hata akipiga chafya, alikuwa mkiani.

"Umekosea," alisema mwenzake wa kamati aliyekuwa akichungulia begani kwake.

"Nimejumlisha mara tatu."

"Basi wamekosea wao."

Ushirika ule wa viatu ulikuwa na wanachama themanini na mmoja, na uchaguzi uliopita uliwatia aibu. Wagombea watano waligawana kura, akashinda mwenye ishirini na tano, na wale hamsini na sita ambao hawakumtaka wakamkalia kooni hadi akaacha uenyekiti kabla ya muda wake. Mkutano mkuu ukaamua kwamba safari hii mtu hatachagua jina moja na kuyaacha mengine. Atampima kila mgombea. Kwa kipimo gani? Hapo kila mtu alitazama dari. Mwishowe kazi ya kutafuta kipimo wakamtupia katibu wa kamati ya uchaguzi, kwa sababu ana mwandiko mzuri.

Hakuna aliyemuuliza kama ingemwia vigumu, ingawa wote walijua kwamba Jemadari ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, na kwamba yeye na mumewe na binti yao wanaishi katika vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba ya Jemadari.

*

Mumewe alikuwa kwenye meza ndefu ya kupangia ngozi madaraja, mikono mitupu, aproni imekakamaa kwa chumvi. Katibu alisimama pembeni akimwangalia. Mumewe alichukua ngozi moja, akaigeuza upande wa nyama, akapitisha kiganja kutoka shingoni hadi mkiani bila kuiangalia, macho yake yako dirishani. Vidole vilisimama mahali pawili: tundu la kupe, mkato wa kisu. Akaandika 3 kwa chaki na kuitupa kulia. Iliyofuata aliipapasa kwa muda mrefu zaidi, akatabasamu peke yake, akaandika 1.

"Hiyo ni nzuri?" mkewe aliuliza.

"Hii? Hii ni moja." Alilitamka neno hilo kama mtu anayemtaja mchumba. "Sijaishika moja kama hii tangu mwezi uliopita."

"Na kaka yako juzi ulimpa ngapi?"

"Kura ni siri."

"Baba wee, yalikuwa majaribio."

Akajikuna kidevu kwa mkono wa chaki, akabaki na ndevu nyeupe. "Nilimpa moja. Ulitaka nimpe ngapi, kaka yangu?"

"Niliandika juu pale, tano ndiyo bora. Kwa herufi kubwa."

"Niliyaona maandishi." Alisita. Aliitazama chaki, kisha akaitazama ile ngozi. "Lakini, mke wangu, miaka kumi na tisa. Tano kwetu ni ile ya kutupa jalalani. Huo mkono utaandikaje tano juu ya mtu unayemheshimu?"

Kwenye meza ya jirani wawili walikuwa wamesikiza. Mmoja aliweka ngozi yake chini taratibu. "Ngoja kwanza," alisema. "Kwa hiyo Bibi Uzi nilimpa nne..."

"Ulimpandisha," alisema Katibu.

"Mungu wangu."

Walicheka hadi mmoja akashika mbavu. Katibu hakucheka. Washonaji wote walisoma shule ambako tano katika tano ni kupigiwa makofi darasani, na hawakuwahi kushika chaki ya ngozi. Wapanga ngozi walisoma shule hizo hizo, lakini meza hii ilikuwa imewafunza upya. Chini ya paa moja palikuwa na mikono ya aina mbili, na karatasi yake moja.

*

Habari zilimfikia Jemadari kabla Katibu hajafika nyumbani. Alimkuta amekaa kwenye kiti chao cha pekee chenye mikono, miguu ameinyoosha hadi katikati ya chumba, hivi kwamba binti ilibidi airuke kila alipopita kupeleka vyombo.

"Shemeji! Nasikia umenifanya wa mwisho."

"Si mimi, shemeji. Ni chaki."

"Nimeelezwa. Nimecheka mpaka nimetokwa machozi." Na kweli alicheka tena, kicheko kile kikubwa kinachowafanya watu wamsamehe mambo. Alikuwa mtu wa kupendeka. Baba yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na saba, akaacha shule, akabeba ngozi mgongoni ili mdogo wake asome. Hakuwahi kuacha kubeba, na hakuwahi kuacha kukumbusha kwamba alibeba. "Sasa nisikilize. Dawa ni rahisi. Geuza. Andika moja ndiyo bora. Huu ni ushirika wa ngozi, bwana! Tutumie kipimo cha ngozi."

"Na washonaji?"

"Wataandikiwa maelezo. Si wanajua kusoma?"

"Wenzao nao walijua kusoma."

Jemadari aliinua mabega. Katibu alipiga hesabu. Washonaji walikuwa arobaini na watano. Kwa mazoea wangempa Bibi Uzi tano, kwa mapenzi yao yote, na kila tano ingemzamisha. Hakuna ambaye angeiba kitu. Wangejiibia wenyewe.

"Shemeji, nikifanya hivyo nitakuwa nimemwangusha mtu kwa kalamu za watu wanaomtaka."

"Na ukiacha kama ilivyo, utaniangusha mimi kwa kalamu za wanaonitaka. Ipi bora?"

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma. "Sitaiacha kama ilivyo," alisema.

"Vizuri. Maana watu wananitaka. Hata yale ya chumvi wameshayasahau." Aliinuka, akapapasa ukuta karibu na mlango, mahali rangi ilipobanduka. "Hapa panataka kupakwa upya. Nikishapata uenyekiti nitawapakia. Hivi mna miaka mingapi humu ndani? Kumi na moja? Sijawahi kuwadai kitu."

Mumewe, aliyekuwa akivua viatu kwenye ngazi, aliendelea kuvua kiatu kile kile.

Jemadari alipotoka, binti alisema, "Baba mkubwa ametudai kitu sasa hivi."

"Osha vyombo," alisema baba yake.

*

Jumapili mchana Katibu alitandika mkeka uani, karatasi na kalamu mbele yake. Mama mkwe, aliyeishi nyumba ya mbele kwa Jemadari, alikuja kukaa naye kuchambua mchele, kama alivyofanya kila Jumapili. Walipendana, hao wawili, kwa namna ya watu waliokwisha kugombana vya kutosha.

Kipimo kipya kilikuwa cha maneno. Bora sana, bora, wastani, dhaifu, mbaya. Chaki haiandiki maneno, Katibu aliwaza, kwa hiyo hakuna mkono utakaoteleza.

"Mama, nikujaribu. Umpime jirani yetu wa upande huu."

Mama mkwe alitupa jiwe dogo la mchele ukutani. "Nimpime nini?"

"Ujirani. Ni bora sana, bora, wastani, dhaifu, au mbaya?"

"Mzuri tu."

"Mama! Aliazima beseni lako jipya akalirudisha limepasuka, na akasema lilikuwa limepasuka toka mwanzo."

"Ndiyo, alisema hivyo, mbele yangu, bila haya." Mama mkwe alisonya. "Lakini mtu haandikwi 'mbaya', mwanangu. Ana watoto. Weka bora."

Binti aliangua kicheko ndani. Katibu aliweka kalamu chini. Aliona wanachama themanini na mmoja, watu waliolelewa vizuri, kila mmoja akiandika "bora" kwa kila mgombea, na kamati ikibaki na rundo la heshima lisilosema kitu. Shuleni mwalimu anaweza kumwandikia mtoto "dhaifu" kwa wino mwekundu na kwenda zake. Mtu mzima hamwandikii hivyo mtu mzima mwenzake atakayekutana naye kesho kisimani. Aliwasikiliza kuku wa jirani, kisha akauliza, zaidi kwa uchovu kuliko kwa akili:

"Akija leo kuazima beseni lingine, utampa?"

"Thubutu!"

Jibu lilitoka kama risasi. Mama mkwe hakuinua hata macho kutoka kwenye ungo.

"Lakini umesema ni mzuri."

"Mzuri ni mzuri. Beseni ni beseni."

Katibu alichukua kalamu. Alifuta yote aliyoandika. Mwenyekiti kazi yake ni nini? Wanachama hawamwoi. Hawamzai. Wanamkabidhi kitu na kurudi kwenye cherehani zao. Aliandika majibu kwanza, moja chini ya lingine, akiyapima mdomoni kabla ya kuyaweka: Ningemkabidhi bila wasiwasi. Ningemkabidhi. Ningesita. Nisingemkabidhi. Aliyasoma kwa sauti. Hayakumtukana mtu yeyote. Hata mwenye haya angeweza kuyatia alama ya vema, kwa sababu hayakusema mgombea ni mtu wa namna gani; yalisema mpiga kura angefanya nini. Kilichobaki ni swali la juu. Amkabidhi nini?

Kila mtu katika ushirika alijua mwenyekiti hukabidhiwa nini. Siku ya kwanza, mbele ya wote, hupewa shada la funguo za ghala: chumvi, nyuzi, gundi, soli. Na kila mtu alijua yaliyotokea msimu wa mvua, Jemadari alipokuwa akikaimu. Lori lilishusha ngozi mbichi mia mbili Ijumaa mchana. Chumvi ya kuzizuia zisioze ilikuwa ghalani. Funguo zilikuwa mfukoni mwa Jemadari, na Jemadari alikuwa kwenye harusi ya rafiki yake, mji mwingine, akicheza. Wapanga ngozi walishinda mlangoni siku nzima ya pili, wakinusa. Alirudi Jumapili na keki kwa ajili ya kila mtu.

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Kisha ikaandika: Ungemkabidhi mgombea huyu funguo za ghala?

"Umemaliza?" aliuliza mama mkwe.

"Nimemaliza, mama. Umenisaidia sana."

"Mimi? Nimekaa tu hapa."

*

Majaribio ya pili yalifanyika Jumatano, na hakuna mkono ulioteleza. Wapanga ngozi na washonaji walilielewa swali kwa namna moja. Walilisoma, wakanyamaza, wakamtazama kila mgombea kichwani mwao akiwa na shada la funguo mkononi. Wenzake Katibu waliipitisha fomu kwa dakika tano. Atashinda mwenye wengi zaidi katika majibu mawili ya juu.

Jemadari aliisoma ubaoni, mikono nyuma. Aliisoma mara mbili. Hakucheka.

Alhamisi asubuhi bomba la uani lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

"Linavuja maji," Jemadari alisema kupitia dirisha, akifunga tai. "Nitaleta fundi."

Maji hayakuwa yakivuja. Katibu alichukua ndoo mbili, akaenda kwa jirani. Jirani alimfungulia, akamtazama, akatazama kufuli kule ng'ambo ya ua, akasema, "Pole, mama," kwa sauti ya mtu atakayesimulia. Katibu aliteka huku wanawake watatu wakimpisha kwenye foleni kwa upole uliomwumiza kuliko kama wangemsukuma.

Saa saba mchana mama mkwe alitoka nyumba ya mbele na birika tupu. Alitikisa kufuli. Akaita. Jemadari alikuwa kazini tangu asubuhi, akizunguka meza kwa meza kuomba kura, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Binti ndiye aliyempelekea bibi yake maji, ndani ya beseni lililopasuka, akikimbia kabla hayajaisha.

Jioni mumewe alikaa kitandani, mgongo ameupa mlango. "Mngeandika kitu kingine," alisema. "Mkoba. Daftari. Lazima ziwe funguo?"

"Mwenyekiti hapewi mkoba."

"Ndiye aliyenisomesha."

"Najua."

"Akitutoa hapa tutakwenda wapi?"

"Sijui." Alikaa karibu naye. Ukutani, pale rangi ilipobanduka, binti alikuwa amechora dirisha siku moja akiwa mdogo, na hakuna aliyewahi kulifuta. "Unataka niibadilishe?"

Mkono wa mumewe ulikuwa ukipapasa shuka kutoka juu hadi chini, vidole vikitafuta kasoro.

"Hapana," alisema. "Natamani isingekuwa wewe uliyeiandika."

*

Jumamosi wote themanini na mmoja walipiga kura. Karatasi zilihesabiwa mezani pa ngozi, mbele ya macho ya kila aliyetaka. Bibi Uzi alipata hamsini na wanane katika majibu mawili ya juu. Alipotajwa alikuwa ameinama chini ya cherehani akiokota vipande vya uzi, na ilibidi avutwe mkono. Mzee wa Soli alipata thelathini na watatu. Aliuliza kama kweli, akaambiwa kweli, akaomba apewe karatasi ya matokeo akawaonyeshe nyumbani. Maisha yake yote alidhani wanamwamini watu wanne.

Jemadari alipata ishirini na wawili. Ishirini na tisa walisema wangesita. Thelathini walisema wasingemkabidhi. Na baada ya hapo, hilo ndilo lililomvunja, wote walikuja kumpa mkono, wakamkumbatia, wakamwita kaka, na walimaanisha.

*

Kikao kiliitishwa Jumapili mchana, nyumba ya mbele. Jemadari aliketi mwisho wa meza. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Thelathini," alisema. "Watu thelathini. Kama ningeshindwa kwa kura za kawaida ningesema ah, wamempenda mwingine. Lakini hii imeandikwa kwamba mimi, mimi nilivyo, siaminiki. Imebandikwa ubaoni. Watoto wangu wanapita pale."

Aliiweka mikono yote miwili mezani.

"Ningeweza kusema tokeni leo. Sisemi. Nasema shemeji aniombe radhi, hapa, mbele ya mama. Kisha tusahau. Asipoomba, mwisho wa mwezi navitaka vyumba vyangu."

Mdogo wake aliinua kichwa. "Kaka," alisema. "Mmoja wa wale ishirini na tisa ni mimi."

Jemadari alimgeukia taratibu.

"Nilikaa na kalamu mpaka wakaanza kunicheka. Ungeuliza kama nakupenda ningeandika moja. Ningeandika moja mara mia. Lakini ziliulizwa funguo. Na mimi nilikuwa pale mlangoni, kaka, na zile ngozi. Nilizisikia zikiharibika. Nilisita. Ndiyo ukweli wangu."

Mama mkwe alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga yake. Alimtazama mkubwa, akamtazama mdogo, kisha akamgeukia mkwewe, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na njia fupi.

"Mwanangu. Ni neno moja tu. Sema umekosea, yaishe. Sema hukujua kwamba funguo zingewakumbusha watu yale ya chumvi. Nani atakuuliza zaidi? Ulikuwa unatafuta swali, ukalipata, hukujua. Basi."

Maneno yale yalikuwa mlango ulioachwa wazi kidogo. Walimwachia. Hata Jemadari alimwachia; macho yake yalikuwa yakimwomba, kwa kuwa naye hakutaka kuwafukuza, alitaka tu atoke mle na kitu mkononi. Katibu alimwonea huruma kweli kweli. Aliviona vile vyumba viwili, dirisha la ukutani, mwezi ukiisha, ndoo, mlango wa mtu asiyemjua na kodi yake. Mumewe hakumgusa wala hakumkonyeza. Alisubiri kama wengine.

"Nilijua, mama," alisema. "Kalamu ilisimama pale pale, wewe ukiwa unachambua mchele. Nilijua wangekumbuka chumvi. Nikajiuliza kama kuna swali lingine lolote ambalo mwenyekiti anastahili kuulizwa kabla ya hilo, na sikuliona. Kama ningeandika tano ndiyo bora ningemwibia shemeji. Kama ningeandika moja ndiyo bora ningemwibia Bibi Uzi. Niliandika kile anachokabidhiwa mtu siku ya kwanza, na wakajibu."

"Kwa hiyo unasemaje?" aliuliza Jemadari kwa sauti ndogo.

"Nasema pole, shemeji, kwa maumivu. Nayaona. Tutaanza kutafuta vyumba kesho. Lakini kwa lile swali siombi radhi. Leo siombi, na mwisho wa mwezi siombi."